MAJINI WANAOSEMA KISWAHILI



Jambo ninalotaka tulizungumze leo huenda ukaliona dogo, maana linahusu mchezo. Lakini wewe ni mzazi, au u mlezi, na unajua kwamba mtoto hujengwa na yale ayafanyayo wakati hana kazi, pengine zaidi kuliko yale anayoambiwa akiwa chuoni au darasani. Basi nakuomba uwe nami mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, nilifunga safari kutoka Tanga kwenda Liganga, Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, kumtazama dada yangu. Mumewe anafanya biashara ya mbao, nao wamehamia huko kwa miaka kadhaa sasa. Basi lilitufikisha Makambako alfajiri, pale ambapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na baridi ya hapo ilinifundisha kwamba kanzu na koti moja havimtoshi mtu wa pwani. Kutoka hapo ni Njombe, kisha Ludewa, kisha vilima vya Liganga, mahali ambapo watu wakipataja hawaachi kutaja na chuma kilichomo ardhini mwake.

Hata chai sijaimaliza, dada akanivuta pembeni. "Kaka, afadhali umekuja. Mpwa wako amepotea na mchezo wa majini. Kila usiku ni bunduki na makelele. Mimi hanisikii, na baba yake yuko safarini. Wewe ndiye mjomba, mseme."

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba maneno ya kumsema nilikuwa nayo tayari, nami mchezo wenyewe sijauona hata dakika moja. Hivyo ndivyo tulivyo wengi wetu. Tunajua hukumu kabla ya kuijua kesi.

Usiku ule nilipoingia chumbani, mpwa wangu, kijana wa miaka 13, alisimama akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, Mjomba," kisha macho yake yakarudi kwenye kioo cha televisheni. Nikafungua mdomo nianze. Ghafla nikasikia watu wakipiga kelele humo ndani, nao wanasema Kiswahili. Nikafunga mdomo, nikakaa kitako. Nilikaa naye siku tatu mfululizo, baada ya Isha, na haya ninayokueleza ni yale niliyoyaona.

Mchezo huo unaitwa Resident Evil 5. Ulitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, ukatolewa mwezi wa Machi 2009, nao ni mmoja katika mfululizo ulioanza mwaka 1996. Haukutengenezwa kwa ajili ya watoto: Uingereza umewekewa umri wa miaka 18, na Marekani miaka 17. Kisa chake ni hiki. Askari wa Kimarekani, Chris Redfield, wa kikosi cha kimataifa kinachopambana na silaha za maradhi, anatumwa mahali panapoitwa Kijuju, Afrika Magharibi, mahali ambapo hapapo duniani ila ndani ya mchezo. Anapokewa na mwenzake, Sheva Alomar, binti wa Kiafrika. Humo wanawakuta wenyeji wametiwa mdudu mwilini, naye mdudu huyo amewanyang'anya akili na hiari, wakawa wanamshambulia kila mgeni kwa mashoka na mapanga. Nyuma ya balaa hili wako watu wa kampuni kubwa ya kubuniwa, Tricell, pamoja na mtu mmoja aitwaye Albert Wesker, ambao wanatengeneza maradhi ili yawe silaha. Na wale wenyeji waliogeuzwa wanaitwa Majini. Ndiyo, msomaji, ni neno letu lenyewe. Na mchezo unaeleza kwamba katika Kiswahili maana yake ni pepo wabaya.

Nianze na mazuri yake, kwa kuwa uadilifu wataka hivyo, na kwa kuwa mtoto hawezi kumwamini mtu mzima anayekana jambo ambalo yeye mtoto ameliona kwa macho yake.

Zuri la kwanza nililijua kwa aibu. Mpwa wangu alinipa pedi ya pili, kwani mchezo huu huchezwa na watu wawili mbele ya televisheni moja, mmoja akawa Chris na mwingine Sheva. Mimi nikawa Sheva. Sikujua kitufe kipi ni cha kwenda na kipi ni cha kupiga, nikaanguka kila baada ya hatua chache. Kila nilipoanguka, yule kijana aliacha vita vyake akakimbia kuja kuniinua. Risasi zangu zilipokwisha alinigawia zake. Alipookota majani ya dawa alinipa mimi kwanza. Akanieleza: "Mjomba, hapa mmoja akifa wote mmeshindwa." Sijui vitabu vingapi vya maadili vimelieleza neno hilo vizuri kuliko alivyolieleza mtoto yule, ilhali vidole vyake viko mbioni.

Zuri la pili ni subira na matumizi mazuri ya kidogo ulicho nacho. Mwanzoni risasi ni chache, na mkoba haubebi vitu vingi. Anayepiga ovyo huaibika. Inambidi mtu atazame, apime, achague nini achukue na nini aache.

Zuri la tatu ndilo kubwa, nalo limo katika kisa chenyewe. Mchezo huu unasema wazi kwamba ubaya haukuanza kwa wale wenyeji. Uliletwa na wageni wenye fedha na elimu. Unasimuliwa humo habari za kabila la Ndipaya, kabila la kubuniwa, ambalo ardhini mwake mliota ua la ajabu. Na wageni walipogundua faida ya ua hilo, wenyewe wakafukuzwa kwa nguvu. Nilipokuwa nikisikia hayo, nje ya dirisha viko vilima vya Liganga na chuma chake. Sisemi kwamba mambo ni mamoja, la hasha. Nasema tu kwamba mtoto anayekulia juu ya mali iliyomo ardhini ana haki ya kusikia kisa kinachouliza: mwenye ardhi atapata nini, na nani atamuuliza?

Wala habari ya dawa kujaribiwa kwa watu wanyonge haikutoka hewani. Mwaka 1996, ulipozuka ugonjwa wa uti wa mgongo katika mji wa Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa yake mpya, na baadaye pakawa na madai mazito kwamba wazazi hawakuelezwa sawasawa wala kuombwa ridhaa. Kampuni ilikanusha kwamba dawa ndiyo iliyowadhuru watoto. Lakini mwaka 2009, mwaka ule ule uliotoka mchezo huu, ilipatana na serikali ya Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Kwa hiyo anayesema kwamba kisa hiki ni upuuzi mtupu hajasoma habari za dunia.

Hata hivyo, hapa pana hatari, nami sitaki uipite. Katika mchezo, mdudu huingizwa mwilini kwa jina la chanjo. Mtoto asiye na mtu wa kumfafanulia anaweza kutoka humo akiamini kwamba kila sindano ni hila. Mkumbushe basi kwamba mtu wa mwisho kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali wa Marka, mji wa pwani kama yetu, mwezi wa Oktoba 1977, na kwamba tangu ilipotangazwa mwaka 1980 kuwa ndui imekwisha duniani, hakuna mama aliyemzika mwanawe kwa ugonjwa huo. Kilichoimaliza ni chanjo. Ubaya wa Kano ulikuwa ni watu kutoulizwa. Dawa kama dawa haina kosa. Mtu mzima anaweza kuyatenganisha hayo mawili, lakini mtoto huhitaji kushikwa mkono.

Ama kasoro zake, zipo ndogo na zipo kubwa. Ndogo ni za ufundi. Huwezi kutembea na kupiga kwa wakati mmoja, ni lazima usimame kama nguzo. Ukicheza peke yako, mwenzako anaongozwa na mashine, naye hufuja risasi na dawa mpaka ukamchukia. Na wanaoujua mfululizo wenyewe hulalamika kwamba hofu imepungua, kwa sababu mambo mengi hutendeka juani na kwa bunduki nyingi. Hizo ni kasoro za fundi, na fundi mwingine anaweza kuzirekebisha.

Kasoro kubwa ni za aina nyingine. Ya kwanza inahusu jina. Wewe msomaji wa pwani huhitaji kuambiwa kwamba jini si lazima awe pepo mbaya. Katika itikadi yetu majini ni viumbe walioumbwa, wamekalifishwa kama sisi, na miongoni mwao wako wema na wako waovu; hata iko sura nzima katika Qur'ani yenye jina lao. Waliochukua neno hilo walichukua nusu yake, tena ile nusu ya kutisha. Kadhalika wakakichukua Kiswahili kutoka pwani ya mashariki wakakipeleka Afrika Magharibi, kana kwamba bara zima ni mtaa mmoja. Na wale Ndipaya, katika mwaka 2009, wamevishwa majani kiunoni na kushikishwa mikuki.

Picha za mchezo zilipoonyeshwa mwaka 2007, watu walilalamika sana, hasa Marekani, kwamba zinamwonyesha mtu mweupe akiua umati wa watu weusi. Watengenezaji wakasema hawakukusudia dharau. Chombo cha Uingereza kilichokuwa wakati huo kikikagua sinema na michezo kiliutazama, kikaona hauna ubaguzi. Watetezi wake wanaongeza kwamba mchezo wa kabla ya huu, wa mwaka 2005, uliwafanyia vivyo hivyo wanavijiji wa Uhispania. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini Mhispania anajulikana ulimwenguni kwa visa elfu vingine. Kijana wa Osaka au wa Chicago, je, amekisikia Kiswahili wapi pengine? Huenda mara yake ya kwanza kukisikia ni katika kinywa cha mtu aliyeshika shoka, na jambo la kwanza analofunzwa kulifanya akikisikia ni kupiga risasi.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Usiku wa pili tuliokota karatasi. Ndani ya mchezo huu zimetawanywa barua na madaftari yanayoeleza mambo yalivyokuwa. Mpwa wangu huzipita haraka, kwa sababu ni za Kiingereza na ni ndefu. Nikamwambia asimame, nikasoma na kumfasiria. Lilikuwa ni daftari la kijana wa kijiji. Anaandika jinsi wageni walivyokuja na sindano, na jinsi baada ya hapo watu wa kijijini, na yeye mwenyewe, walivyoanza kubadilika.

Mpwa wangu akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo walikuwa watu?"

"Walikuwa watu."

"Mbona mimi nilijua ni majini tu?"

Tafakari, msomaji. Mtoto yule alikuwa amecheza kwa miezi. Kelele za wale watu alizifahamu neno kwa neno, kwa kuwa ni lugha ya mama yake. Lakini dhuluma waliyotendewa imeandikwa kwa Kiingereza katika karatasi ambayo unaweza kuipita kwa kubonyeza kitufe kimoja. Vitisho vyao vinamfikia kwa Kiswahili, na udhuru wao haumfikii kabisa.

Usiku wa tatu tukakuta jambo la pili, nalo ndilo lililonipa hukumu. Karibu na mwisho anatokea mwanamke mmoja, Jill Valentine, rafiki wa zamani wa Chris. Naye amenyang'anywa hiari. Amefungwa chombo kifuani kinachomlazimisha awapige rafiki zake. Nikainua pedi yangu nimpige, maana siku mbili nzima nimefunzwa kwamba aliyenyang'anywa hiari hupigwa. Mpwa wangu akapiga kelele: "Mjomba, usimpige! Huyu haruhusiwi kufa!" Ni kweli. Ukimwua huyo umeshindwa. Inakubidi uvumilie mapigo yake, umshike, ukibandue kile chombo mpaka kitoke, na akitoka usingizini anaomba radhi.

Utasema, hali zao si sawa: yule ana chombo cha kubanduliwa, na hawa wana mdudu asiyetolewa. Naam, ndivyo mchezo unavyosema. Lakini maradhi haya hayakuteremka kutoka mbinguni. Ni mwandishi wa kisa aliyekaa mezani akaamua nani ampe ugonjwa unaopona na nani ampe usiopona. Mwenye jina, mwenye kujulikana, mwenye rafiki wa kumlilia, alipewa mlango wa kutokea. Wale wengi wasio na majina, wenye lugha yetu, hawakupewa. Hiyo ndiyo kasoro ya mchezo huu, nayo haiondoki kwa kurekebisha vitufe. Unaisadikisha akili kwamba watu hawa wamedhulumiwa, kisha unavizoesha vidole kuwamaliza, na haukuachii nafasi hata moja ya kufanya jingine.

Wako watakaosema, "Ni mchezo tu, hakuna aliyekufa." Nami nakubali kwamba hakuna aliyekufa, wala siamini kwamba kila mtoto achezaye bunduki ya kiooni atashika ya kweli. Wengi mno wamecheza wakaamka asubuhi wakaenda shule kwa amani. Ninachokiogopa si mkono wa mtoto bali ni lile neno lake: "ni majini tu."

Neno hilo lina historia katika pwani yetu. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa. Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto, wanamngoja jini. Katika hofu hiyo kijana mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati. Umati ule haukutumwa na mchezo wa video. Walikuwa majirani, watu wa swala na saumu. Walichokosa ni mtu mmoja wa kusimama na kuuliza: huyu ni nani, na amepatwa na nini? Na huko bara vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni? Kila mahali mlango ni ule ule. Kwanza mtu huvuliwa jina la utu, akavikwa jina la kiumbe kingine, na baada ya hapo mkono hauoni tena kuwa unaua.

Kwa hiyo tufanyeje? Nakupa rai yangu, nawe ipime.

Kwanza, umri ulioandikwa kwenye kasha uheshimiwe. Kwa mtoto wa miaka 13 mchezo huu haufai, kwa damu yake na kwa mambo yake yanayohitaji akili pevu. Pili, usikataze kitu usichokitazama. Ukimwambia mtoto kwamba hakina zuri lolote, naye amejifunza humo kumwinua mwenzake, amekwisha kukuona mwongo, na siku utakayomkataza lenye hatari zaidi hatakusikia. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtoto afunzwe kuuliza swali moja katika kila kisa, kiwe cha sinema, cha redio, cha gazeti au cha barazani: hawa wasio na majina ni nani, na nani aliyewafikisha hapa? Swali hilo likimkaa, hata kisa kibaya kitamnufaisha.

Na sisi watu wazima tujisute kidogo. Kiswahili chetu kimewekwa katika vinywa vya Majini hao kwa sababu wengine wametengeneza visa nasi tumekaa kuvilaumu. Vijana wetu wenye ujuzi wa mashine hizi wapo, Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Tukiwaona ni wavivu wanaopoteza wakati, tusishangae lugha yetu ikiendelea kusemewa na wasioijua.

Asubuhi ya kuondoka nilimwambia mpwa wangu kwamba mchezo unaingia kwenye sanduku la mama yake mpaka atakapokuwa mtu mzima. Akakunja uso. "Lakini Mjomba, wewe mwenyewe umecheza siku tatu."

"Ndiyo," nikamwambia, "na ndiyo maana leo naweza kukukataza, nawe ukajua kwa nini."

Hakufurahi, wala sitakudanganya kwamba alifurahi. Alinibebea mkoba mpaka kituoni bila ya kusema neno, na ukungu bado umelala juu ya vilima. Basi lilipokuwa linawasha moto akasogea dirishani.

"Mjomba, yule kijana wa daftari, jina lake nani?"

Nikamwambia kweli, kwamba jina lake hatukulikuta.

Akatikisa kichwa. "Wangemwandika," akasema.

Nami nasema vivyo hivyo. Wallahu aalam.